Munkoyo Ikiharibika, Usimtafute Jirani



Wiki iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba na wengine kwenda nyumbani, mama mmoja alibaki kwenye kiti chake. Anauza munkoyo kule Kikula. Aliniambia: "Mama, mwezi huu munkoyo yangu imeharibika mara 3. Kila mara bidoni nzima ya lita 20, nimeimwaga kwenye mfereji. Minervali ya mtoto wangu ilikuwa ndani ya zile bidoni." Kisha akashusha sauti, akamtaja mama mwenzake wanayekaa naye katika parsele moja. "Kila asubuhi anapita karibu na bidoni yangu. Yule ana jicho."

Sikumjibu palepale. Nilimwomba ruhusa niandike jibu hapa, bila jina lake, kwa sababu ninajua hayuko peke yake. Mama wangapi kati yetu wanaishi kwa munkoyo na kibuku? Na wangapi wamegombana na shemeji, mkamwana au jirani kwa sababu ya chungu kilichoharibika? Hata mimi nimo. Nitawaeleza mwisho.

Kwanza tuulize jambo hili: kwa nini bia ya chupa inakaa miezi mingi haiharibiki, na munkoyo yetu siku ya tatu imekwisha? Zote mbili ni nafaka na maji. Tukiifahamu tofauti hiyo, tutajua mwizi anaingilia mlango gani.

Walinzi wa bia ya chupa

Katika kila jiko kuna wadudu wadogo sana ambao macho hayawaoni. Wako hewani, mikononi, kwenye maji, kwenye unga, kwenye mwiko. Wengi wao ni bakteria. Wanapenda vitu vinne: chakula kitamu, maji, joto na nafasi ya kukaa bila kusumbuliwa. Pombe ya nafaka ina chakula na maji tele. Bakteria akiingia humo ni kama mgeni aliyekuta bukari na samaki tayari mezani.

Lakini bia ya chupa, kama Simba au Tembo zinazotengenezwa Lubumbashi, ina walinzi wengi mlangoni. Tuwahesabu.

Mlinzi wa kwanza ni moto. Maji ya nafaka yanachemshwa kabla ya kutiwa hamira, ile tunayoiita levire. Wadudu karibu wote waliokuja na nafaka wanakufa hapo.

Wa pili ni uchungu. Ule uchungu wa bia hautoki kwenye nafaka. Unatoka kwenye maua ya mmea uitwao hopsi, ambao Wafaransa wanauita houblon. Watu wengi wanafikiri ni wa ladha tu. Kumbe uchungu ule unazuia bakteria wengi wasile na wasizaane. Ni dawa ya kuhifadhi.

Wa tatu ni kileo chenyewe. Bia nyingi za chupa zina kileo cha asilimia 4 au 5 hivi. Si kingi, lakini kinawachosha bakteria wengi.

Wa nne ni ukali. Bia ina asidi kidogo, na wadudu wengi wanaoleta magonjwa ya tumbo hawapendi asidi.

Wa tano ni njaa. Hamira imeshakula sukari karibu yote, kwa hiyo bakteria anayechelewa kufika anakuta sahani tupu.

Wa sita ni ukosefu wa hewa. Chupa imejaa gesi ile inayotoa povu, na kifuniko kimebana. Bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki hawawezi kufanya kazi bila hewa.

Wa saba ni moto mara ya pili. Mfaransa Louis Pasteur alichunguza magonjwa ya bia akaandika kitabu mwaka 1876. Alionyesha kwamba bia haiharibiki yenyewe: inaharibiwa na vijidudu vinavyoingia kutoka nje, na kuipasha moto bila kuichemsha kunaviua. Mpaka leo bia nyingi za chupa zinapashwa moto wa digri 60 hivi kwa dakika kadhaa, na jina la kazi hiyo linatokana na jina lake.

Pamoja na walinzi hao wote, bia ya chupa bado inaweza kuharibika. Kuna bakteria wachache sugu ambao uchungu wa hopsi hauwatishi. Wanaifanya bia iwe na ukungu, iwe chachu, au inuke kama siagi. Na miaka ya 1970, viwanda vilipokuwa vimejifunza vizuri kuondoa hewa kwenye chupa, walijulikana bakteria wengine wanaopenda mahali pasipo hewa kabisa. Hao wanaleta harufu ya yai bovu. Kufunga mlango mmoja kulimfurahisha mwizi wa mlango mwingine. Ndiyo sababu viwandani hawategemei mlinzi mmoja. Wanasafisha kila siku, tangu bomba mpaka chupa.

Bia inakuwa dhaifu pale walinzi wanapopungua. Bia yenye kileo kidogo, yenye uchungu kidogo, yenye sukari iliyobaki, au iliyofunguliwa ikaingia hewa, inaharibika upesi kuliko nyingine. Shikeni sentensi hiyo, kwa sababu sasa tunarudi nyumbani.

Munkoyo yetu ina walinzi wangapi?

Mnajua kazi yenyewe kuliko mimi. Unapika uji wa mahindi, unaupoza, unaweka mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na ule uji mzito unalainika mpaka unakuwa kama maji, tena unakuwa mtamu. Wazee wetu waliona hilo bila maabara. Mizizi ile ina nguvu ya kukata wanga wa mahindi kuwa sukari. Ndiyo sababu mama wanasema usiweke mizizi uji ukiwa unatokota: moto mkali unaua nguvu ya mizizi, na uji unabaki uji.

Lakini tazameni kinachofuata. Mizizi imetoka ardhini, imeshikwa sokoni na mikono mingi, na unaiweka baada ya kupika. Kwa hiyo yale yote moto uliyoua yanarudi mlangoni pamoja na mizizi. Munkoyo haina hopsi. Kileo chake ni kidogo sana, hasa siku ya kwanza. Sukari bado imejaa. Chombo kiko wazi au kimefunikwa na kitambaa tu. Na mwezi wa 10, jua la Likasi linapochoma kabla ya mvua, chumba chetu chenyewe ni joto la kuwafurahisha bakteria.

Nani basi analinda munkoyo? Mlinzi mkubwa ni mmoja: ukali. Na hapa ndipo pana ajabu. Ukali huo unatengenezwa na bakteria. Kuna bakteria wa maziwa mgando, walewale wanaofanya maziwa yagande na muhogo uliolowekwa uchachuke. Wakiingia kwenye munkoyo wanakula sukari na kutoa asidi. Hiyo asidi inaleta ladha tunayoipenda, na inawafukuza wadudu wabaya.

Kwa hiyo jamaa wa ukoo uleule wanaomwaga machozi ya mwenye kiwanda ndio wanaotufanyia kazi sisi. Kwenye chupa ni wezi. Kwenye munkoyo ni wafanyakazi. Lakini hawajui kusimama saa ya kazi ikiisha. Ukiwaacha kwenye joto wanaendelea, na munkoyo inakuwa kali mpaka inakunja uso. Baadaye hewa ikiingia, wanakuja wale wa siki. Wengine wanaleta uteute unaovutika kama wa gombo. Munkoyo ya namna hiyo hakuna atakayeinunua, na wala hakuna aliyeiroga.

Si sisi peke yetu tunaopambana na hili. Ng'ambo ya mpaka, Zambia na Zimbabwe, kuna pombe ya kiwandani iitwayo Chibuku, ya mahindi na mtama, nzito kama kibuku yetu. Ile ya kawaida bado iko hai ndani ya boksi lake. Inaendelea kuchachuka, na inakaa siku chache tu. Kule Zimbabwe walitoa aina nyingine inayopashwa moto ili kuua wadudu wake, nayo ikaweza kukaa wiki 3 hivi. Hata mwenye kiwanda, mashine na wataalamu, akiiacha pombe ya nafaka bila walinzi, anahesabu siku kama mama wa Kikula.

Masaa ya hatari

Sasa niseme jambo zito kuliko hasara ya pesa.

Munkoyo ikiwa kali inajilinda. Lakini kabla haijawa kali, ikiwa bado vuguvugu na tamu, haina mlinzi hata mmoja. Hayo ni masaa ya hatari. Mdudu wa kuharisha akiingia wakati huo kwa mkono usionawa au kwa nzi, anakuta nyumba wazi. Na ile munkoyo tamu ndiyo tunayowapa watoto.

Hatari nyingine inakuja mwishoni. Mama ameona munkoyo imekuwa kali, anaongeza maji ili ipungue ukali na iongezeke wingi. Ukiongeza maji mabichi ya kisima, umefanya mambo mawili kwa mkono mmoja: umepunguza asidi iliyokuwa inalinda, na umeingiza wadudu wapya. Mji wetu unajua kipindupindu. Wale waliokuwa hapa mwanzo wa mwaka 2008 wanakumbuka wagonjwa wa Likasi na Lubumbashi. Ugonjwa ule unapita kwenye maji. Tusiusaidie kwa kikombe chetu.

Na kuna unga. Mwaka 2015, mwezi wa kwanza, katika kijiji cha Chitima, jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji, watu walikunywa pombe ya nafaka kwenye kilio. Walikufa watu 75, na wengine 177 walilazwa hospitalini. Mama aliyeipika pombe ile alikufa naye. Siku za kwanza watu walisema ni sumu, kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Fikirini hali ya kijiji kile: kila nyumba ina maiti, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la kuuliza ni nani.

Baadaye pombe ile ilipimwa kwenye maabara, mpaka Marekani. Haikuwa nyongo ya mamba. Ilikuwa sumu iitwayo asidi bongkreki, inayotengenezwa na bakteria mmoja aitwaye Burkholderia gladioli, na bakteria huyo alipatikana kwenye unga wa mahindi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Kuipika hakuiondoi. Bakteria anaweza kufa kwenye moto, lakini sumu aliyokwisha kuiacha inabaki.

Jambo kama la Chitima ni la nadra sana, na sikuliandika ili mwache kazi yenu. Nimeliandika kwa sababu mbili. Ya kwanza: unga uliolowa, ulioota ukungu, uliobadilika rangi au harufu, usisemwe "utafaa kwa pombe." Wengi wetu tunafanya hivyo. Unga mzuri wa bukari, unga mbaya wa kibuku. Hapana. Usiofaa kwa bukari haufai kwa pombe. Ya pili: watu walimtafuta mchawi, na mkosaji alikuwa ndani ya unga.

Tulichokiona Kikula

Jumamosi tulienda kwa yule mama, watu 3. Tulimwomba atuonyeshe kazi yake tangu mwanzo, bila kuficha na bila haya.

Uji wake ni mzuri, umepikwa muda mrefu. Mizizi alikuwa anaiponda bila kuiosha, kwa sababu aliogopa kuosha kutaondoa nguvu. Udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye maganda.

Bidoni yake ni ya plastiki ya manjano, ameitumia miaka mingi. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Huwa anaosha kwa kutia mchanga na maji na kutikisa. Tuliikata moja ya zamani kwa kisu ili tuone ndani. Bamama, ukuta mzima ulikuwa na mikwaruzo ya mchanga, na ndani ya mikwaruzo kulikuwa na utelezi. Nilipitisha kidole, kikanuka siki. Kila alipotia munkoyo mpya, alikuwa anaitia juu ya bakteria wa munkoyo zilizopita. Ile aliyoimwaga mara ya kwanza ndiyo iliyoharibu ya pili, na ya pili ikaharibu ya tatu.

Mwiko wake ni wa mti na una ufa. Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kinaanikwa kwenye uzi juu ya banda la kuku. Na asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alikuwa anaongeza maji ya kisima.

Yule jirani alikuwa amesimama mlangoni mwake anatutazama. Anapita karibu na bidoni kila asubuhi kwa sababu njia ya kwenda chooni inapita hapo.

Tufanye nini

Hatuna kiwanda, lakini tunaweza kuweka walinzi wetu. Hivi ndivyo tulivyopatana na yule mama, na ninawaandikia ninyi pia.

1. Unga uwe mkavu na safi. Uhifadhi juu, mbali na ukuta unaotoa maji wakati wa mvua. Ukilowa, usiutumie.

2. Mizizi ioshwe kwa maji mengi mpaka maji yatoke meupe, kisha ianikwe juani mahali pasipo kuku, ndipo ipondwe. Nguvu yake iko ndani, haiondoki kwa kuoshwa juu.

3. Maji yote yachemshwe, ya uji na ya kuongeza. Ukitaka kuongeza maji mwishoni, yawe yaliyochemka na kupoa ndani ya chombo kilichofunikwa. Ninajua makala ni ghali. Lakini linganisheni sufuria moja ya maji kwenye mbabula na lita 20 kwenye mfereji.

4. Chombo kiwe na mdomo mpana, mkono uingie mpaka chini. Ndoo yenye kifuniko ni bora kuliko bidoni. Sufuria ya chuma inayoweza kumwagiwa maji ya moto ni bora zaidi. Plastiki isisuguliwe kwa mchanga wala waya, bali kwa kitambaa na sabuni. Kisha isuuzwe kwa maji yenye Javel kidogo, kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake, na mwisho kwa maji yaliyochemshwa. Ikiwa na mikwaruzo mingi, ibaki ya maji ya kufulia. Na sisi watu wa mji wa viwanda tusisahau: bidoni iliyobeba asidi au dawa yoyote ya kiwandani haisafishiki kwa chakula, hata ukiiosha mara 10.

5. Mwiko, kitambaa na kichujio vichemshwe kabla ya kila kazi. Kitambaa kinachochemka dakika 10 kwenye sufuria kinakuwa kipya. Kianikwe juani, ndani ya uzio wa watu, si wa kuku.

6. Tumia chachu nzuri tu. Mama wengi wanaweka kikombe cha munkoyo ya jana ili mpya iwahi kuchachuka. Ni akili nzuri, kwa sababu inaleta ukali haraka na inafupisha yale masaa ya hatari. Lakini kikombe hicho kitoke kwenye munkoyo iliyokuwa tamu na nzuri. Ukitoa kwenye iliyoanza kunuka siki, umepanda mbegu mbaya. Ni bora kuanza upya.

7. Hewa isiingie bila kazi. Jaza chombo mpaka karibu juu na ukifunike vizuri, lakini usikaze kabisa wakati munkoyo bado inatoa povu, maana gesi inaweza kupasua chombo. Sokoni, usifungue ndoo kubwa kila mteja anapokuja. Toa kidogo kwenye jagi, uza kwenye jagi. Na kikombe alichokunywa mteja kisirudi kwenye ndoo.

8. Baridi ni mlinzi wa bure. Isipokuwapo frigo, au umeme ukikatika, weka ndoo kwenye beseni la maji kivulini, uizungushie gunia lililoloweshwa. Mwezi wa 6 na wa 7 Likasi yenyewe ni frigo, na munkoyo inakaa. Mwezi wa 10 usitegemee muda uleule.

9. Pika kidogo mara nyingi. Bidoni mbili za lita 10, moja leo na moja kesho, ni bora kuliko moja ya lita 20 ya siku tatu. Andika kwenye kipande cha karatasi siku na saa uliyopika. Ikipita siku ya pili, uza kwa bei ndogo au wapeni wageni wa nyumbani, lakini usiichanganye na mpya.

Na utajuaje kwamba imekwisha? Harufu ya siki, utando mweupe juu, uteute unaovutika, harufu ya yai au ya mafuta yaliyooza. Ukiona hayo, mwaga, osha, chemsha. Usijaribu kuficha kwa sukari. Mteja anayeumwa tumbo mara moja harudi, na anawaambia wengine 10.

Neno moja kuhusu watoto. Munkoyo ya siku ya kwanza ni karibu na uji mtamu. Ya siku ya pili na ya tatu kileo kinapanda, ingawa ni kidogo. Tusidanganywe na jina moja. Mtoto apewe ile mpya, iliyotengenezwa kwa usafi, au aachwe.

Jambo nililowaahidi

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nimeolewa karibuni, nilipika kibuku kwa ajili ya kumaliza kilio cha baba mkwe. Watu walikuwa wanatoka mbali. Asubuhi tulipofungua mtungi, ilikuwa siki. Nilipata haya mbele ya ukoo wa mume wangu, na nikatafuta mahali pa kuiweka ile haya. Nilisema, mbele ya watu, kwamba wifi yangu ndiye aliyeshika mtungi usiku.

Hakujibu neno. Tangu siku ile watu walianza kumtazama vingine. Wengine hawakutaka apike kwenye sherehe. Baadaye nilikumbuka kwamba mtungi ule niliuazima kwa watu, na nilimwagia maji ya baridi tu, kwa sababu nilikuwa na haraka. Kosa lilikuwa la mkono wangu. Nilichelewa sana kwenda kulisema, na nilipokwenda, alinisamehe. Lakini yale niliyoyasema mbele ya watu wengi, msamaha niliuomba mbele ya mtu mmoja tu. Leo ninauomba hapa.

Mtungi unaoshwa kwa maji ya moto ukarudi kuwa mtungi. Jina la mama lililochafuliwa halioshwi hivyo.

Mama wa Kikula alipika tena Jumatatu, lita 10, katika ndoo mpya. Chama kilimkopesha pesa za ndoo, naye atazirudisha kidogokidogo. Jumanne jioni alikuwa ameuza yote. Aliniambia pia kwamba amempelekea jirani jagi moja. Hakusema waliongea nini, nami sikuuliza.

Mama zangu, munkoyo ikiharibika, tazameni kwanza unga, maji, chombo, kitambaa na saa. Mkimaliza hayo yote, ndipo muangalie upande wa jirani. Mtakuta hakuna cha kuangalia.

Mubaki salama. Tuonane wiki ijayo.